Tuwataje Wote kwa Majina Yao



Novemba ni mwezi wa kuwakumbuka marehemu. Kila jamaa inajua makaburi yake. Lakini kuna jamaa nyingine ambayo husahau mapema sana, nayo ni shule. Leo katika ukurasa wetu tunataka kuzungumza juu ya shule za wasichana: namna gani zinavyowakumbuka wanafunzi wao wa zamani waliokufa, pamoja na walimu wao.

Munajua mambo yanavyokwenda. Wanafunzi wa zamani wa lisee wanakutana, wanaimba, wanakula, wanachanga pesa kwa ajili ya bati za darasa. Halafu mmoja anasimama na kusema, "Sasa tunyamaze kidogo kwa ajili ya wenzetu waliotutangulia." Watu wananyamaza dakika moja, na ndiyo mwisho. Hakuna jina hata moja lililotajwa. Juu ya nini? Kwa sababu hakuna mwenye orodha. Huyu anawakumbuka wawili wa darasa lake, yule anamkumbuka mwalimu wa hesabu, na mwingine anaogopa kutaja jina asije akamwumiza aliyeketi pembeni yake.

Neno letu leo ni fupi. Shule iandike majina ya marehemu wake, na iandike ya wote. Wenye sifa wasitajwe peke yao, wala watu wa kabila moja peke yao, wala wale waliouawa peke yao. Wote. Tuone sasa sababu.

JINA LILILOTOKA KATIKA DAFTARI LA SHULE

Tuanze na mwalimu mmoja ambaye ninyi nyote munamjua. Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 upande wa Wamba, katika kabila la Wabudu. Wazazi walimwita Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Siku ya kuandikishwa shuleni, jina la dada ndilo lililoandikwa, basi likabaki hivyo hivyo. Leo dunia nzima inamwita kwa jina lililotoka katika daftari la shule. Muone basi nguvu ya daftari!

Watu wengi wanamjua Anuarite kama sista na mfiadini. Hawakumbuki kwamba alikuwa pia mwanafunzi, halafu mwalimu. Bado msichana mdogo, alipanda kamioni iliyokuwa ikiwapeleka wasichana Bafwabaka, bila kumwambia mama yake. Huko alijifunza kazi ya ualimu na kupata cheti chake. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri katika shirika la masista wa Jamaa Takatifu, akaitwa Marie-Clémentine. Akawafundisha watoto wa shule ya msingi, akatunza sakristia, akasaidia jikoni. Ilikuwa maisha ya chaki, sufuria na nguo za altare. Kama vita haingekuja, angezeeka pale, na wanafunzi wake wangemlilia siku moja kama tunavyomlilia kila mwalimu mwema.

Lakini 1964 ilikuwa wakati wa uasi wa Simba. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote katika kamioni. Waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Njiani gari likageuza njia, likalala Ibambi, kisha likafika Paulis, mji tunaouita leo Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, mkubwa mmoja wa waasi alitaka kumfanya Anuarite mke wake kwa nguvu. Akakataa. Mkubwa mwingine, Olombe, alimpiga sana, akaita watu wake wamchome, na mwisho akampiga risasi. Wenzake walimsikia akimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe. Hakuwa ametimiza miaka 25.

WALIOBAKI NDIO WALIOSIMULIA

Sasa tuulize jambo moja. Sisi tunajuaje habari za usiku ule? Hakukuwa na mwandishi wa gazeti, wala foto, wala redio. Tunajua kwa sababu masista wenzake walikuwa pale, na waliobaki hai walisimulia. Sista Bokuma Jean-Baptiste alipigwa pamoja na Anuarite mpaka mkono wake ukavunjika. Mama Kasima, mkubwa wao, alikuwa akijaribu kuwalinda binti zake wote mbele ya watu wenye silaha. Masista wengine walipigwa na kutishwa usiku mzima. Hao ndio mashahidi.

Mwili wa Anuarite ulizikwa kwanza katika kaburi la pamoja. Baada ya miezi kadhaa ulitolewa na kuzikwa kwa heshima. Haikuwezekana kama wenzake wangesema, "Imekwisha, tusahau." Waliulizwa, wakajibu. Majibu yakaandikwa, yakatunzwa kwa miaka. Ndiyo maana tarehe 15 Agosti 1985, kule Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili aliweza kumtangaza mwenye heri mbele ya umati mkubwa. Siku hiyohiyo Papa alisema wazi kwamba naye pamoja na Kanisa wanamsamehe muuaji.

Kwa hiyo, kijana unayesoma ukurasa huu, ukimwona Anuarite katika picha ukutani, uwaone nyuma yake wanawake wengine wengi ambao hawakuchorwa. Pasipo ushuhuda wao hungelijua jina lake. Ndiyo kazi ya kwanza ya wanafunzi wa zamani wa shule yoyote: aliyebaki amshuhudie aliyekwenda.

NAMNA MAJINA YA WANAWAKE YANAVYOPOTEA

Labda mtu atasema, "Sisi hatuna Anuarite katika lisee yetu." Sawa. Lakini munao wasichana waliosoma nanyi, wakalala bweni moja, wakavuta maji pamoja, na leo hawapo. Majina yao yako wapi?

Kwetu jina la mwanamke lina miguu, linatembea. Akiwa msichana ana jina la ukoo na jina la ubatizo. Akiolewa, katika ofisi na kwenye kipande huongezwa jina la mume. Akizaa, mtaa mzima humwita Mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Baada ya miaka kumi majirani hawajui tena jina lake mwenyewe. Akifa, watu wanalia, "Mama Furaha amekufa," na pale lisee hakuna anayejua kwamba Mama Furaha ndiye yule msichana aliyeketi benchi la mbele na kuvusha darasa kila mwaka. Shule ndiyo fasi pekee ambapo mwanamke huyo aliitwa kwa jina lake mwenyewe kila asubuhi, na yeye akaitika, "Niko!" Kama shule nayo imemsahau, nani atamwita?

Nchi yetu pia imeongeza fujo katika majina. Mwaka wa 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo, kila raia akatakiwa kubeba majina ya kienyeji tu. Msichana aliyeandikwa Marie katika darasa la kwanza la sekondari alimaliza masomo akiwa na jina lingine kabisa. Baada ya 1990 majina ya ubatizo yalirudi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na karatasi tatu zenye majina matatu. Miji nayo ilibadili majina: karatasi za zamani husema Paulis, za baadaye husema Isiro.

Mwisho wa 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa, na mwaka wa 1977 makanisa yakapewa tena kuzisimamia kwa mapatano. Kila mara funguo za ofisi zinapobadili mikono, kabati fulani hufunguliwa na karatasi fulani hazirudi. Halafu ikaja vita ya 1996, ya 1998, na ile ya kwetu Ituri tangu 1999 mpaka 2003. Ofisi za shule zilivunjwa, madawati yakawa kuni. Ninyi wenyewe munajua: karatasi ya shule ikitupwa nje, haikawii kufungia karanga sokoni.

Ndiyo maana hatuwezi kungoja karatasi zituletee majina. Majina yako katika vichwa vya wamama wenye miaka 50, 60, 70. Vichwa hivyo navyo haviwezi kukaa milele.

MAMA ALIYEKATAA MTOTO WAKE AACHILIWE PEKE YAKE

Tumesema iandikwe ya wote. Hapo ndipo pagumu. Ili tuelewe, tuvuke mpaka wa Mahagi, tuende Uganda ya kaskazini, katika shule moja ya wasichana iliyo ya masista, St. Mary's College ya Aboke.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa Joseph Kony, wale tunaowaita LRA, waliingia pale na kuwachukua wasichana 139 kutoka mabwenini. Naibu wa mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera kutoka Italia, hakubaki kulia ndani. Alishika njia pamoja na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen, wakafuata nyayo porini mpaka wakawafikia waasi. Sista akaomba, akasihi, akapiga magoti. Waasi wakamrudishia wasichana 109. Wakabakiza 30. Sista akaondoka na wale 109, huku nyuma yake wale 30 wakilia. Wazazi na walimu, mufikiri kidogo mwendo ule wa kurudi nyumbani ulivyokuwa.

Kati ya wale 30 alikuwepo binti wa mama mmoja mwuguzi wa mji wa Lira, Angelina Atyam. Mama huyo na wazazi wengine waliunda chama, wakapiga kelele mpaka kule Ulaya na Marekani. Waasi wakaona haya. Wakamtumia ujumbe: nyamaza, nasi tutakurudishia binti yako. Yeye akajibu kwamba anataka watoto wote. Wakakataa kuwatoa wote, na yeye akakataa kumchukua wake peke yake. Hata watu wa nyumbani kwake hawakumwelewa mara moja. Nani angeelewa? Mwaka wa 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya haki za binadamu. Lakini tuzo haikuwa binti. Huyo alirudi kwa kutoroka mwezi wa Julai 2004, baada ya karibu miaka minane, akiwa na watoto wawili aliowazaa porini.

Wa mwisho kurudi kati ya wasichana wa Aboke alifika nyumbani 2009, akitokea huku kwetu Congo, kwa maana LRA walikuwa wamehamia pori la Garamba. Ni watu haohao waliowaua ndugu zetu wa Faradje na Doruma wakati wa Noeli ya 2008. Ninyi wa Watsa na Durba hamuna haja ya kuelezwa.

Wengine kati ya wale 30 hawakurudi. Walikufa porini, bila jeneza, bila mama kuwafunga macho. Lakini hawakupotea kama majani, kwa sababu shule ilikuwa na orodha. Tangu siku ya kwanza ilijulikana: ni 30, na majina yao ni haya. Kila aliyerudi aliulizwa juu ya wenzake. Wazazi hawakulilia giza, walimlilia mtu mwenye jina.

Somo tunalolichukua kwa Mama Angelina ni hili: alikuwa na haki ya kumtafuta mtoto wake peke yake, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alijua kwamba ukimtaja wako tu na kuwaacha wa wengine, umekwisha kumsaidia mwovu kazi yake.

ORODHA ISIWE KUNI ZA MOTO

Sasa turudi Ituri, na tusifiche kitu.

Katika lisee za Bunia na za vijiji, Wahema, Walendu, Waalur, Wabira, Wangiti, Wanande na wengine walikalia benchi moja. Walipeana chumvi na sabuni. Vita ilipokuja, kila mmoja alikimbilia kwa watu wake. Wengine waliuawa Mongbwalu mwezi wa Novemba 2002. Wengine walikufa Nyankunde mwezi wa Septemba mwaka huohuo, ambapo hata wagonjwa na wauguzi hawakuachwa. Mwezi wa Februari 2003 kulikuwa na kilio Bogoro, na mwezi huohuo kilio Kobu. Bogoro waliuawa watu wa upande huu, Kobu waliuawa watu wa upande ule. Mama wa Bogoro na mama wa Kobu wanalia kwa sauti moja, ila kila mmoja hufikiri mwenzake hana machozi.

Hapo ndipo orodha ya marehemu inaweza kuwa dawa, au inaweza kuwa sumu. Watu wa upande mmoja wakikaa peke yao na kuandika majina ya kwao tu, orodha hiyo haitasomwa kama sala. Itasomwa kama deni. Mtoto wa miaka 15 akiisikia kila mwaka, atajifunza kwamba kuna mtu wa kulipizwa. Kuni zimekwisha kukauka, zinangoja kiberiti.

Lakini shule ya wasichana ina bahati ambayo kijiji hakina. Binti za pande zote walipita mlango uleule. Daftari la mahudhurio halikuwapanga kwa kabila, liliwapanga kwa alfabeti. Basi orodha ya marehemu nayo ifuate alfabeti hiyohiyo. Ikisomwa hivyo, jina la Mhema litafuatwa na jina la Mlendu, na mama aliyekuja kumlilia binti yake atalazimika kusikia pia jina la binti wa yule aliyemwita adui. Pengine atashtuka: "Kumbe huyu naye alikufa? Alinisukia nywele!" Neno hilo moja linaweza kufanya kazi kuliko mikutano mingi ya amani.

Mtu atauliza: na haki je? Wauaji wasitajwe? Tunajibu kwamba haki ina mahali pake. Mahakama ya kimataifa kule La Haye ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka wa 2012 kwa kuwaingiza watoto jeshini, Germain Katanga 2014 kwa mambo ya Bogoro, na Bosco Ntaganda 2019 kwa makosa yaliyohusu pia Mongbwalu na Kobu. Mwenye ushuhuda aupeleke kwa mahakimu. Daftari la marehemu la shule si kesi. Ndani yake hakuna mshitakiwa. Kuna binti na walimu wao tu.

WALIOKUFA KIMYAKIMYA

Tusifikiri pia kwamba anayestahili kukumbukwa ni yule tu aliyekufa kwa risasi au panga. Wengi wa wenzenu hawakuuawa na mtu. Mmoja alikufa akizaa, kwa sababu materinite ilikuwa mbali na pikipiki ilikwama katika matope. Mwingine alifuata mume kwenye machimbo, akaugua huko, akazikwa na watu wasiojua jina la baba yake. Mwingine alikufa kwa ugonjwa ambao jamaa iliona haya kuutaja. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na kwetu Ituri walikufa watu 2,287, kati yao wauguzi waliokuwa wakitibu wengine. Wale walizikwa haraka na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, jamaa wakisimama mbali. Ilikuwa lazima, ili ugonjwa usienee. Lakini kilio ambacho hakikuliwa siku ile, shule inaweza kukilia leo kwa kutaja jina.

Na walimu je? Kuna walimu waliofundisha miaka 30. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa vizuri, waliishi kwa mchango wa wazazi. Mwezi wazazi wakikosa, mwalimu alilima mhogo, na Jumatatu akarudi na chaki. Walipokufa hakukuja barua ya serikali wala maua. Muwaandike hao pia: mwalimu wa Kifaransa, mwalimu wa kushona, mama msimamizi wa bweni, na mpishi aliyejua nani hakula. Hata mlinzi wa mlango, kama alikuwa wa shule, ni wa shule.

Uchafu wa kifo hauchafui jina. Kwa hiyo katika daftari musiweke safu ya "Alikufa kwa nini." Mungu anajua, na jamaa wanajua. Inatosha.

NAMNA YA KUFANYA

Kazi hii haihitaji mradi wala pesa za wazungu. Inahitaji kaye moja nene, biki moja, na watu watatu wanaoaminika. Tunawashauri hivi:

1. Muchague komite ndogo ya wanafunzi wa zamani. Wasiwe wa kabila moja, wala wa miaka ileile. Mmoja awe wa zamani sana, mmoja awe kijana. Mama prefe wa sasa ajulishwe.

2. Kwa kila marehemu muandike majina yake yote: la ukoo, la ubatizo, la ndoa, na lile la mtoto ambalo mtaa ulimwita. Halafu mwaka alioingia, mwaka aliotoka, na seksioni aliyosoma. Kwa mwalimu, andikeni somo alilofundisha.

3. Kwa kila jina mutafute watu wawili wanaokubali kwamba ni kweli amekufa. Wakati wa vita wengi walihesabiwa kuwa wamekufa, kumbe wako kambini Uganda. Ni vibaya kumzika mtu aliye hai.

4. Chini ya jina muongeze neno moja au mawili ambayo wenzake wanayakumbuka. "Aliimba sauti ya pili." "Aligawa daftari lake." Maneno hayo madogo ndiyo yatakayomfurahisha mtoto wake.

5. Musiandike kabila, wala sababu ya kifo, wala jina la mtu anayeshukiwa.

6. Muandike nakala tatu. Moja ikae shuleni, moja parokiani au kanisani, moja nyumbani kwa mmoja wa komite, mbali na zile mbili. Tumeona nyumba zikiungua. Mwenye simu apige pia foto ya kila ukurasa.

7. Mara moja kwa mwaka majina yasomwe yote kwa sauti, polepole, kwa alfabeti. Wanafunzi wa sasa wasome, kila mmoja majina machache. Baada ya kila jina, waliohudhuria wanaweza kujibu, "Yuko," kama vile asubuhi darasani.

8. Siku hiyo muchange kidogo, hata franka chache, kwa ajili ya msichana mmoja anayekosa pesa ya masomo. Afadhali awe yatima wa mmoja wa walioandikwa.

Wengine watasema kwamba kazi hii itafungua vidonda. Ni kweli, siku ya kwanza watu watalia. Lakini kidonda kilichofunikwa na uchafu ndani hakiponi, kinanuka. Wengine watasema ni kazi ya kupoteza saa, afadhali tujenge vyoo. Mujenge vyoo, ni lazima! Lakini shule isiyojua nani alipita ndani yake ni kama nyumba ya kupanga: watu huingia, hutoka, na hakuna anayeuliza.

NINYI VIJANA

Binti unayesoma leo lisee, labda unaona mambo haya ni ya wazee. Hebu fikiri: benchi unalokalia, nani alikikalia kiti hicho kabla yako? Labda ni shangazi wa rafiki yako, ambaye hukuwahi kumwona. Yeye pia aliogopa mtihani wa serikali. Yeye pia alitaka kuwa daktari. Umwulize mama yako leo jioni, "Mama, wewe ulisoma na nani? Wako wapi?" Halafu unyamaze, usikilize. Labda atachelewa kujibu. Umngoje.

Na wewe kijana mwanaume unayechimba, ambaye mama yako alikufa ukiwa mdogo: nenda kwenye shule aliyosoma, uulize. Labda kuna mwalimu mzee ambaye bado anamkumbuka. Zahabu utakayopata siku hiyo haipimwi kwa mizani ya sokoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA SHIRIKA

– Katika shule aliyosoma mama yetu, sisi tunaweza kutaja majina ya marehemu wangapi?

– Kati ya hao, kuna wa makabila mengine? Kama hakuna, ni kwa sababu hawakufa, au kwa sababu hatukuuliza?

– Mwalimu gani wa kike aliyetufundisha amekufa bila sisi kumshukuru? Watoto wake wako wapi?

– Kama tungekuwa katika hali ya Mama Angelina, tungejibu nini?

Tarehe 1 Desemba inakaribia, siku ambayo watu wa Isiro, wa Wamba na wa Congo nzima humkumbuka yule mwalimu wa Bafwabaka. Ni siku nzuri ya kufungua kaye na kuandika jina la kwanza. La pili litakuja lenyewe.

Mubaki na amani, mpaka mwezi ujao.